Noah yangu, geti jembamba na watoto uani: nifunge sensa za kupaki?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Toyota Noah, ile ya zamani, niliyoinunua mwaka jana ikiwa imeshatumika. Nakaa Mbezi, geti letu ni jembamba na uani gari linageuzwa kwa shida. Nimeshagusa ukuta mara mbili kwa bampa la nyuma, na mara zote mbili nimelipia rangi. Fundi mmoja ameniambia ataniwekea sensa nne za kupaki kwa laki moja na nusu, vifaa na kazi pamoja. Mume wangu anasema ni kupoteza hela, dereva anayelijua gari lake hahitaji kelele za nyuma. Mimi naogopa bampa kutobolewa, naogopa zitamaliza betri, na zaidi ya yote nina watoto wawili, wa miaka minne na wa mwaka mmoja na nusu, na wa jirani wanaingia na kutoka. Je, nifunge?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Naanza na jibu lenyewe halafu nieleze sababu, maana umeuliza maswali mawili kwa pamoja na majibu yake hayafanani.

Kwa bampa na ukuta, ndiyo, funga. Noah ni gari refu lenye mgongo ulionyooka kama kabati. Kioo cha nyuma kiko juu, na chochote kilicho chini ya kioo hicho karibu na bampa hukioni, uwe na uzoefu wa miaka miwili au wa miaka thelathini. Kwa watoto, sensa peke yake haitoshi, na ukiiegemea inaweza kukuponza kuliko usingekuwa nayo kabisa. Kwa watoto unahitaji kamera, na unahitaji utaratibu wa nyumbani ambao hauuzwi dukani. Kama hela iliyopo inatosha kitu kimoja tu, weka kamera. Ukuta usubiri. Bampa hupakwa rangi.

Nieleze kinachofanyika pale bampani, kwa sababu ukikielewa hutadanganyika na kengele. Kila sensa, ile ya mviringo yenye upana kama wa sarafu, ndani yake ina kisahani chembamba cha kauri. Kikipewa umeme kinatetemeka, takriban mara 40,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu linakomea kwenye mitetemo kama 20,000, kwa hiyo wewe husikii kitu. Popo ndio wanaoishi kwa sauti za namna hiyo, na kazi yao usiku ni hiyo hiyo: kupiga sauti na kusikiliza mwangwi. Sensa inapiga sauti fupi, inanyamaza, inasikiliza. Kwenye joto letu sauti husafiri hewani karibu mita 350 kwa sekunde, hivyo ukuta ulio mita moja nyuma yako unarudisha mwangwi ndani ya sehemu kama 6 za elfu za sekunde. Kiboksi kilichofichwa ndani ya buti kinapima muda huo, kinaugeuza kuwa umbali, kisha kinaamua kengele ilie taratibu au kwa haraka. Seti nyingi huanza kulia ukibakiza kama mita moja na nusu, zinaongeza mwendo kadiri unavyosogea, na chini ya sentimita 30 zinatoa mlio mmoja usiokatika.

Mlio huo maana yake simama, na usimame kweli. Kile kisahani kikishapiga sauti huendelea kutetemeka kidogo, kama kengele ya shule baada ya kugongwa, na kikiwa bado kinatetemeka hakiwezi kusikia. Kitu kilichokaribia mno, mwangwi wake unarudi kabla kisahani hakijatulia. Ndiyo maana baadhi ya seti, ukiupuuza mlio ule na kuendelea kusogea, zinanyamaza ghafla. Dereva anadhani njia imekuwa wazi, anaongeza mafuta kidogo, kishindo. Nimeletewa magari yaliyogonga namna hiyo, na mwenye gari ananiambia sensa ilikufa. Naipima, naikuta nzima.

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Sensa inajibu swali moja tu: kitu kinachonirudishia sauti kiko umbali gani? Haijui kitu hicho ni nini, na kile kisichorudisha sauti, kwake hakipo. Ukuta, pipa la maji, gari jingine, geti la chuma, hivi vina uso mpana na mgumu, inavipata bila taabu. Nondo iliyosimama, seng'enge, mnyororo uliofungwa kati ya nguzo mbili, hivyo ni vyembamba, mara inavipata mara inavikosa. Ukuta uliokaa mshazari unasukuma sauti pembeni. Nguo, godoro lililoanikwa na majani marefu vinanyonya sauti. Mtaro haurudishi chochote, na sote tunajua mitaro isiyofunikwa ilivyojaa mtaani. Kizingiti cha saruji kinachofika kwenye kifundo cha mguu unaweza kukisikia ukiwa mbali kidogo, halafu ukikikaribia kinapotea chini ya mstari wa sauti, na hapo ndipo kinapokwaruza bampa.

Mpime mwanao mdogo kwa kipimo hicho hicho. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akisimama anafika kama sentimita 80. Akichuchumaa kuokota kifuniko cha soda yuko chini ya sensa iliyofungwa sentimita 55 kutoka ardhini. Amevaa nguo laini. Mwili wake ni mdogo na hautulii mahali pamoja. Kila sifa inayoifanya sensa ikose kitu, mtoto anayo.

Miaka kadhaa iliyopita nilimfungia sensa mzee mmoja mwenye Noah kama yako. Kazi niliifanya mwenyewe, nikaijaribu, ikawa sawa. Baada ya miezi michache akarudi gereji akiwa ameshika baiskeli ndogo ya matairi matatu. Mpini ulikuwa umelala upande mmoja na kiti cha plastiki kimepasuka katikati. Akaiweka juu ya meza yangu ya kazi, akakaa kwenye benchi. Ilikuwa ya mjukuu wake. Jioni ile alikuwa anarudisha gari uani, kengele ikaanza kulia, na yeye akajua ni ukuta, kwa kuwa ukuta upo pale kila siku na kengele hulia pale kila siku. Akaendelea kusubiri mlio wa mwisho kama alivyozoea. Kabla ya huo mlio akasikia plastiki inavunjika. Mtoto alikuwa ameshuka kwenda kunywa maji. Hakuja kunilaumu yule mzee, alitaka tu nimwambie sensa ilikuwa na kasoro gani. Nilizipima zote nne, haikuwepo kasoro. Zililia kama zinavyotakiwa kulia. Sauti ya ukuta na sauti ya baiskeli ni moja, na sikio lake lilikuwa limeshaipa ile sauti jina. Tangu siku hiyo simfungii sensa mtu mwenye watoto wadogo kabla sijamweleza haya.

Wamarekani waliyafikia haya kwa uchungu mkubwa zaidi. Mwaka 2002, huko Long Island katika jimbo la New York, mtoto wa miaka miwili aitwaye Cameron Gulbransen alifariki baada ya kugongwa na gari lililokuwa likirudi nyuma nyumbani kwao. Dereva alikuwa baba yake mzazi, ambaye ni daktari wa watoto. Bunge lao likatunga sheria yenye jina la mtoto huyo, ikasainiwa mwaka 2008, na tangu Mei 2018 kila gari jipya la chini ya tani 4.5 linalouzwa kule ni lazima limwonyeshe dereva eneo la nyuma lenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6. Angalia neno hilo, limwonyeshe. Wakala wao wa usalama barabarani ulikuwa umezijaribu sensa na kukuta hazimpati mtoto kwa uhakika, ndiyo maana wakadai picha. Japani nao walianza kudai kifaa cha kusaidia rivasi kwa matoleo mapya Mei 2022. Magari mengi ya mtumba yanayotembea mitaani kwetu yalitengenezwa kabla ya hapo, likiwemo lako.

Lakini huenda gari lako lilikuja na msaada ambao hujawahi kuutumia. Zunguka nyuma, tazama juu ya mlango wa buti. Noah nyingi zina kioo kidogo kilichofungwa pale kwa nje, kimeinama kutazama chini. Watu wanadhani ni pambo. Kimewekwa ili ukitazama kioo chako cha ndani, uone kupitia kioo cha buti mpaka kwenye kile kidogo, na ndani yake uone bampa lako na ardhi iliyo nyuma yake. Kama kipo, kifute, kirekebishe mpaka ukiwa umekaa kwenye usukani uone ukingo wa bampa. Kama kimevunjika, tafuta kingine kwenye maduka ya vipuri vya mtumba. Na kama kioo cha buti kimebandikwa tinti nyeusi sana, ujue umejifunga macho mwenyewe, hasa jioni.

Tuje kwa mume wako, na nimpe heshima yake, kwa sababu hajakosea. Dereva anayejua kurudi nyuma taratibu, mguu ukiwa juu ya breki, anayetazama saiti mira zote mbili na kugeuza shingo, na asiyeona aibu kushuka kwenda kuangalia, huyo ni bora kuliko dereva mzembe mwenye sensa nane. Kengele haimfundishi mtu usukani. Lakini ujuzi hauoni kupitia bati. Fanyeni jambo moja Jumamosi, wote wawili. Yeye akae kwenye usukani, injini imezimwa, vioo amejirekebishia mwenyewe. Wewe chukua ndoo ya lita 10, iweke katikati nyuma ya bampa, kisha uirudishe nyuma hatua kwa hatua mpaka aseme ameiona. Alama hiyo pima kwa futi kamba mpaka kwenye bampa. Nimeshawafanyia wateja wengi jaribio hili na sijawahi kumwona aliyefurahia alichokipima. Ubishi wenu utaishia hapo, wala mimi sitakuwa nimeongeza neno.

Ungekuwa na Vitz au Starlet ningekwambia uhifadhi hela yako. Gari fupi, kioo cha nyuma kinashuka chini, ukigeuka unaona karibu kila kitu. Wenye pikapu, Hiace, Prado yenye tairi la akiba mgongoni, na wazee ambao shingo haigeuki tena kama zamani, hao nawashauri wafunge bila kusitasita.

Kuhusu hofu yako ya kutobolewa bampa, nakuelewa, maana tundu likikosewa halifutiki. Zipo sensa za aina nyingine zisizotoboa: ni utepe wa metali unaobandikwa upande wa ndani wa bampa la plastiki. Nimeziweka mara chache na sizipendi kwa gari kama lako. Zinahisi kitu kilicho karibu sana tu, zinahitaji gari liwe linatembea, na mvua ikinyesha zinaanza kulia ovyo. Dereva akishazoea kengele inayodanganya, huacha kuisikiliza. Heri matundu manne yaliyotobolewa na mtu makini.

Na mtu makini utamjua kabla hajashika drili. Kwanza atataka gari lisimame mahali palipo sawa, tairi zikiwa na upepo wa kutosha, kisha atapima kutoka ardhini kwa futi, hatakadiria kwa jicho. Sensa zikae kati ya sentimita 50 na 65 kutoka chini. Zikishuka zaidi zinasoma ardhi na mawe, zikipanda sana zinaruka vitu vifupi. Noah yako haifiki mita 1.7 kwa upana, hivyo ukiacha takriban sentimita 40 kati ya sensa na sensa, zile za pembeni zitakaa karibu na kona bila kuangukia kwenye mkunjo wa bampa. Sensa ya kona ikiangalia pembeni kupita kiasi italia kila ukipita getini, hata kama umenyooka.

Pili, atainama au kulala chini aangalie nyuma ya bampa. Huko ndani kuna chuma kinachobeba bampa, na kuna mabano na waya. Sensa ina mkia, inahitaji nafasi ya sentimita mbili tatu nyuma yake. Nimeona bampa lililotobolewa vizuri kwa nje halafu sensa ikagota kwenye chuma, fundi akahamisha tundu, mwenye gari akabaki na tundu la tano lililozibwa kwa gundi. Kwa gari lako namshauri fundi alivue bampa kabisa. Ni klipu na boliti chache, inaongeza muda kidogo tu, na kazi inakuwa safi.

Ndipo aweke tepu ya karatasi, achore alama juu ya tepu, atoboe kwanza kitundu kidogo cha kuongoza, kisha atumie kile kikombe cha meno kinachofungwa kwenye drili. Kikombe hicho mara nyingi huja ndani ya boksi la sensa zenyewe na ndicho kinacholingana nazo. Asitumie cha kuazima cha saizi ya kukaribiana. Drili iende polepole, plastiki isiyeyuke. Kingo zisuguliwe kwa msasa mpaka kidole kikipita kisikwaruzike. Rangi ipakwe kwenye sensa kabla ya kufungwa, nyembamba, mara moja au mbili. Ukiipaka kama unavyopaka ukuta, kisahani kinashindwa kutetemeka na umenunua kifuniko cha tundu.

Kwenye mgongo wa sensa nyingi kuna mshale au neno linaloonyesha upande wa juu. Watu wanalidharau hilo, na hapo ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa. Sauti inayotoka haina umbo la duara: imetanuka kwa kwenda kushoto na kulia, imebanwa kwa kwenda juu na chini. Ukiifunga sensa ikiwa imelala ubavu, sauti inatanuka kwenda ardhini, na kengele italia kwenye barabara tupu yenye changarawe. Vilevile waya zina herufi A, B, C na D. Zikichanganywa, skrini itakuonyesha kitu kiko kulia wakati kiko kushoto.

Waya zipite mbali na bomba la moshi, zifungwe vizuri zisining'inie, na ziingie ndani ya buti kupitia raba iliyopo tayari. Asitoboe bodi. Tundu jipya kwenye bati ni mlango wa maji na kutu, na Dar es Salaam, pamoja na hewa yetu ya bahari, kutu haihitaji mwaliko. Kiboksi kikae pakavu nyuma ya kava la pembeni la buti, si sakafuni ambapo mtu ataweka ndoo ya samaki wa Feri.

Kuhusu betri, ondoa wasiwasi, kwa sharti moja. Waya wa umeme wa sensa unaungwa kwenye waya wa taa ya rivasi, na mwingine kwenye ethi, yaani bati la bodi ya gari. Maana yake sensa zinaamka pale tu unapoingiza gia ya rivasi, na zinalala ukiitoa. Kinachotumika ni kidogo hata ukilinganisha na balbu ya rivasi yenyewe, ambayo kwa kawaida ni ya wati 21. Sharti ni kwamba fundi aunge hapo na si penginepo. Akiunga kwenye waya wenye umeme muda wote kwa sababu ulikuwa karibu na mkono wake, basi ndiyo, asubuhi moja gari halitawaka. Mwambie akuonyeshe: funguo imezungushwa bila kuwasha injini, breki ya mkono imevutwa, gia ikiwa kwenye rivasi sensa ziko hai, gia ikitoka zimezima. Mwambie pia maungio ya waya ayachomee kwa risasi na kuyafunika, asiyabane kwa vile vibanio vya plastiki vinavyotoboa waya. Vibanio vile vinaingiza unyevu, shaba inageuka kijani, na baada ya masika mbili tatu unapoteza sensa na taa ya rivasi kwa pamoja.

Hapo hapo ndipo kamera inapoingia kwa bei nafuu ya ufundi, kwa kuwa nayo inachukua umeme kwenye waya huo huo wa taa ya rivasi. Kava likishavuliwa na waya ukishafunguliwa mara moja, zungumza na fundi afanye vyote viwili siku hiyo. Kama redio yako ya Kijapani ina skrini, aangalie kama ina sehemu ya kuingiza kamera. Kama haina, kuna vioo vya ndani vyenye skrini, vinavaliwa juu ya kioo ulichonacho. Hakikisha picha inakaa kama kwenye kioo, yaani kitu kilicho kushoto kwako kionekane kushoto. Kamera nyingi za bei ndogo zina kijiwaya kilichopinda ambacho kikikatwa picha inageuka. Usitoke gereji kabla ya kusimamisha mtu upande mmoja na kuthibitisha. Na lenzi ifute kila unapofuta kioo cha mbele. Vumbi la Mbezi likitulia juu yake utakuwa unatazama ukungu.

Laki na nusu siwezi kusema ni nyingi au kidogo bila kuona boksi. Muulize kama rangi imo, kama kulivua bampa kumo, na kama sensa moja ikifa ndani ya miezi mitatu anaibadilisha bila malipo. Linganisha na ulicholipia rangi mara mbili, halafu uamue.

Kabla hujampa salio, jaribu. Mwache fundi akae kwenye gari wewe usimame pembeni. Weka ndoo, weka kiti cha plastiki, simamisha ufagio, kisha ifunike ndoo kwa kanga iliyokunjwa uirudie tena. Sikiliza kengele inaanzia wapi kwa kila kimoja na inanyamazia wapi. Utaona tofauti kwa macho yako, na hutausahau ufagio. Weka pia kidole taratibu juu ya kila sensa ikiwa hai: sensa nzima utaihisi inagonga kidogo, tik, tik, tik, na ukisogeza sikio utaisikia. Isiyogonga imekufa au waya wake umeachia. Njia hiyo itakufaa hata baada ya miaka mitatu, siku kengele itakapoanza kulia bila sababu. Siku hiyo kabla ya kurudi kwa fundi chukua kitambaa chenye maji, futa zote nne. Tope lililokauka na matone ya mvua ndiyo sababu ya kwanza, na kibao cha namba kilicholegea ndiyo ya pili. Na vijana wa kuosha magari waambie wasisogeze ile bomba ya presha karibu na sensa.

Limebaki la nyumbani. Najua kwetu gari likifika getini watoto wanakimbia kulipokea, wanapiga kelele mama kaja, na ni furaha ambayo hakuna mzazi anayetaka kuizima. Basi izoeeni mahali pengine. Ukifika, simama nje ya geti, piga honi mara moja, na usiingize mpaka mtu mzima aliyebaki nao awe amewakusanya barazani. Ukiweza, ingia kwa rivasi wakati huo, watoto wakiwa wameshikwa, ili asubuhi utoke kwa mbele ukiona unakokwenda, kwa sababu asubuhi ndiyo kila mtu ana haraka na mtoto anakimbilia nyuma ya gari kukuaga. Kabla ya kupanda, lizunguke gari lote kwa miguu, kila siku, hata kama umechelewa. Kisha keti, vioo, kamera. Mdogo awe ameshikwa mkono, na kaka au dada yake awe pembeni yake, wote mahali unapowaona ukiwa kwenye usukani. Hesabu vichwa, na vya jirani pia. Vikitimia, ingiza rivasi.